Bwana Viwanja, Wamekigawa

Mtani,

Wewe Mnyamwezi, mpagazi mtoto wa mpagazi, leo nimekuletea mzigo mwingine. Najua umelala. Najua ulisema ukifa usije ukasumbuliwa na Muha hata mmoja. Lakini utani hauzikwi, na mimi sina mtu mwingine wa kumweleza haya akanielewa. Nimekaa barazani kwa shangazi na kalamu niliyoazima kwa mwalimu, na tangu asubuhi naandika nakata, naandika nakata. Mkono huu umezoea sindano ya nyavu, kalamu inauponyoka. Nivumilie.

Kiwanja chetu hakipo.

Basi, nimeshasema. Nilitaka nianze na salamu kama mtu aliyefundwa, nikutanie kidogo, nikuulize kama huko uliko nako wamekupa mizigo ya kubeba, halafu nifike taratibu. Nimeshindwa. Kiwanja cha Nyabugina, kile ulichokipima kwa mkono wako mwenyewe, wamekigawa. Kuna nyumba ndani yake, Maganga. Kuna mama anasonga ugali wa muhogo pale pale mwamuzi alipokuwa akiweka mpira kati.

Unakumbuka siku tuliyozunguka viwanja? Mimi siku zote nilizokaa na wewe zimechanganyika, ile tu ndiyo imebaki nzima. Nilikuja mjini Kigoma kuleta wavu niliokuwa nimeushona, nikakukuta nje ya ofisi yako unahangaika na pikipiki ya serikali. Wewe ulikuwa Bwana Utamaduni wa wilaya, ngoma zako, kwaya zako, mpira wako. Lakini nani alikuita Bwana Utamaduni? Watu walisema kama kuna Bwana Shamba na Bwana Afya, basi huyu ni Bwana Viwanja. Kwa sababu timu ikija kwako kuomba kuingia ligi ya daraja la tatu, hukuuliza wachezaji, hukuuliza jezi, uliuliza kiwanja kiko wapi. Timu isiyo na kiwanja kilichopimwa haichezi. Ndiyo ilikuwa sheria yako, na ulikuwa unaisema umefumba macho kama mtu anayesali.

Siku hiyo ulikuwa unakwenda kuvipima, na msaidizi wako anaumwa. Ukaniambia nipande nyuma, unifundishe kazi ya maana kuliko ile ya babu zangu waliokwenda kukata mkonge Tanga. Nikakujibu babu zangu angalau walipanda gari moshi, babu zako walikwenda kwa miguu na pembe za ndovu za watu kichwani. Tukaondoka tunacheka. Kazi yenyewe ya maana ilikuwa kushika ncha ya ile futi yako ndefu, ile ya kuzungusha, iliyokaa kwenye kasha la ngozi.

Tulianza Katubuka. Kiwanja kizuri, isipokuwa njia ya watu imekikata katikati toka goli hadi goli. Tukiwa tunapima akapita mama mmoja na beseni la mihogo kichwani, akairuka futi kama anaruka mfereji. Ukamwamkia vizuri, ukamwomba wanawake wapite pembeni siku za mechi. Yule mama hakusimama hata kidogo. Alisema njia ile ndiyo aliyoletwa nayo kuolewa, kama kuna cha kuhama basi mpira ndio uhame. Ukabaki unakuna kichwa. Mwisho ukaamua kwamba akinamama wakipita, mwamuzi apulize filimbi, mchezo usimame, wakimaliza uendelee. Wazee wa Katubuka wakakupigia makofi, na mimi nikajua kwa nini watu walikuwa wanakupenda.

Ujiji haikuwa hivyo. Kule mchanga ulikuwa umelijaza goli moja hadi kipa mrefu anagusa mwamba kwa kiwiko. Viongozi wao wamevaa kanzu safi, wametuwekea kahawa, wameandaa na maneno. Walisema mchanga wa Ujiji unatembea wenyewe, kesho utahamia goli la pili, kwa hiyo timu zote zitaonja. Ukakataa. Walisema mji wao ni mkongwe kuliko futi yako. Ukakunywa kahawa yao yote, ukashukuru, ukakataa tena. Mchanga uchotwe kwanza. Tulipoondoka nilikwambia watakuroga, ukasema mchawi wa Ujiji hampati Mnyamwezi, labda amkodi Muha.

Halafu barabara ya Ilagala. Vumbi, Mtani, hata leo nikikohoa nalikumbuka. Na pale mtoni Malagarasi, wewe mtoto wa nchi kavu uliyekuwa unajisifu tangu asubuhi, ulipoona pikipiki inapakiwa kwenye mtumbwi, na wewe unatakiwa uingie humo humo, ulinyamaza. Ulivuka umeikumbatia pikipiki kwa mikono miwili kama bibi harusi. Wapiga kasia walikuuliza kama mkizama pikipiki ndiyo itakayokuokoa. Ukazidi kuikumbatia. Hiyo ndiyo mara moja tu katika maisha yetu nilipokushinda utani, na nilikushinda bila kusema neno.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye ugonjwa wenyewe.

Wakati ule neno la kuhamia vijijini lilikuwa limeshasikika redioni. Kwetu halijafika bado, lakini watu walikuwa wanalingoja kama unavyongoja mvua usiyoitaka. Ndipo tukatokea Nyabugina sisi wawili, na futi, na jina lako limetutangulia. Ilipigwa mbiu hadi milimani: Bwana Viwanja amekuja. Anapima.

Nani alifikiria mpira? Huku kwetu kiwanja ni kiwanja. Pa kuchezea, pa kujenga, hata pa kutua ndege, jina ni hilo hilo. Wa milimani walifunga milango wakaingia porini na mbuzi wao. Wa ufukweni wakaja mbio kuwahi. Shangazi yangu ndiye alikuwa wa kwanza, amemkumbatia jogoo wake mwekundu. Alikupigia magoti, mjane yule, akakwambia, "Baba, mimi sina mume wa kunisemea. Nipe cha karibu na maji."

Ulimwinua. Ukamrudishia jogoo. Ukamweleza kwa upole kwamba unapima kiwanja cha mpira tu, hakuna anayehamishwa. Shangazi alikutazama juu hadi chini. Akaniuliza mimi, kwa Kiha, ili usisikie, kama ni kweli mtu mzima mwenye mke na mshahara amevuka mto kuja kupima mahali pa kukimbilia. Nilipokutafsiria ulicheka hadi ukakaa chini kwenye majani. Nami nikacheka. Na watu wote wakacheka, maana walikuwa wameogopa, na woga ukiondoka ghafla mtu hucheka hovyo.

Kiwanja kilikuwa pungufu. Mchikichi wa shangazi ulikuwa umesimama pale ilipopaswa kuwa kona. Ulisema huna la kufanya, tucheze ugenini mwaka huo, na vijana wakainamisha vichwa. Shangazi akauliza kinachosemwa ni nini. Akaambiwa. Akafikiri. Akasema, kwa kuwa mgeni amemrudishia jogoo wake, basi achukue mchikichi. Wewe hukujua maana ya kukata mchikichi kwa mjane wa huku. Ni kukata chupa yake ya mawese ya kila mwaka. Mimi nilijua, nikageukia ziwani ili msinione uso.

Ukapima upya. Kikatosha. Ukachonga vigingi vinne vya mninga, ukavigongomea mwenyewe kwenye kona, ukavipaka chokaa hadi vikang'aa. Ulipomaliza ulinishika bega, jasho linakutiririka, ukasema, "Kiwanja kikishapimwa, Mtani, hakuna wa kukigusa tena. Kimeshaingia serikalini." Nilikuamini. Mungu wangu, nilikuamini kama ninavyoamini kwamba kesho kutakucha.

Na msimu ule tulioupata, nani atatunyang'anya? Wewe ndiye uliyeuliza kwa nini vijana wa Nyabugina wanapiga miayo uwanjani Jumapili. Nikakwambia hawa usiku kucha wako ziwani na karabai wakivua dagaa, alfajiri wanaanika, mchana unawaambia wakimbize mpira. Basi ukapanga mechi zetu zote ziangukie siku za mbalamwezi, wakati dagaa hawafuati taa na wavuvi wanalala majumbani. Mjini walikucheka, ligi gani inapangwa kwa mwezi. Sisi tukasema kumbe jina la kabila lako halikutoka bure. Ujiji walipokuja, mchanga wao wameshauchota, tuliwafunga, na shangazi alicheza ngoma mbele ya goli lao mpaka mwamuzi akamwomba atoke.

Kisha ukaenda ukafa.

Sikukusamehe kwa hilo, nakwambia kweli. Homa ya siku chache tu, mtu mnene vile. Nilifika hospitali nimekubebea samaki, migebuka ya kukaanga, wakaniambia niirudishe. Ndugu zako walifika kwa treni kutoka Tabora, nami nikaitwa nifanye kazi yangu ya mtani. Nikaifanya. Nililala ndani ya kaburi lako, nikagoma kutoka, nikapiga kelele kwamba Mnyamwezi huyu amezoea kubeba mizigo, udongo huu kidogo hautamtosha, ongezeni. Watu walicheka msibani, kama inavyotakiwa. Waliniuliza nataka nini ndipo nitoke, nikasema nataka futi yake. Wakanipa. Nilikaa mle ndani na lile kasha la ngozi kifuani, watu juu wanacheka, na mimi huko chini nalia wala hakuna aliyeona.

Ukaniachia futi. Laiti ungeniachia kitu kingine.

Maana wakaja, Mtani. Mara hii wakaja kweli. Malori yalishusha watu wa milimani hapa ufukweni, na vitanda vyao, na kuku wamefungwa miguu, na wazee wamekaa juu ya magunia wakitazama ziwa ambalo hawajawahi kulitaka. Kijiji cha ujamaa kinaanzia hapa, tukaambiwa. Aliyekuja kugawa alikuwa kijana wa kaki, mpole kabisa, hakumpiga mtu wala hakumtukana. Ningemchukia ingekuwa nafuu. Alizunguka akitafuta mahali tambarare pa kuanzia, akaviona vigingi vyako vya chokaa. Akauliza ni vya nini.

Na watu wetu, wale wale waliocheka nasi siku ile, walimjibu kwa fahari. Walisema hapa pameshapimwa. Palipimwa na Bwana Viwanja wa wilaya mwenyewe.

Yule kijana alifurahi. Akasema basi nusu ya kazi imekwisha.

Nilimwendea. Nilimwamkia ingawa ni mdogo kwangu. Nilimweleza kila kitu, ligi, daraja la tatu, mbalamwezi, mchikichi wa shangazi. Nilimwonyesha magoli yamesimama, wavu wangu unaning'inia. Alinisikiliza hadi mwisho, hakunikatiza. Kisha akasema, "Ndugu, kiwanja ni kiwanja. Hawa watalala wapi?"

Nikageuka nikawatazama. Mvua ilikuwa imeanza manyunyu. Kulikuwa na bibi anamfunika mjukuu kwa ungo. Nilijibu nini? Niambie wewe, mwenye maneno, wewe uliyekunywa kahawa ya Ujiji na isikubembeleze. Hao watu hawakuja kutunyang'anya, na wao wameacha migomba yao na makaburi ya baba zao huko juu. Kila nikitafuta wa kumkasirikia, namkuta mtu mwenye shida kuliko mimi.

Halafu kijana akasema ana kamba tu, na kamba inavutika. Mtu mmoja, simtaji, akasema huyu Kabura ana futi ya serikali nyumbani. Mgambo akanisindikiza kwenda kuichukua. Walinipa nishike ncha, kwa kuwa nilikuwa naijua kazi. Nilishika, Mtani. Ncha ile ile. Tulianzia kwenye kona ya mchikichi, tukakata eneo la goli vipande viwili, tukapita katikati, tukamalizia upande wa ziwa. Futi ikalegea upande wangu, kijana akaniambia nikaze, isije watu wakapunjwa. Nikakaza. Jioni futi ikaondoka naye, mali ya serikali.

Nilivuka mto nikaenda mjini kwenye ofisi yako. Kuna mwenzio mwingine kwenye kiti chako, si mtu mbaya. Nilimwambia tumepoteza kiwanja, tusaidie. Akatikisa kichwa kwa huruma kabisa. Akasema marehemu aliacha sheria, naye hawezi kuivunja: timu isiyo na kiwanja kilichopimwa haichezi. Nikacheka mle ofisini, Maganga, akadhani nina wazimu. Sheria yako imetutoa kwenye ligi. Nilirudi kwa miguu hadi Ujiji, sikutaka kupanda kitu chochote, na siku nzima nilikuwa nikisikia sauti yangu mwenyewe ikikutukana, kisha ikikuomba radhi, kisha ikikutukana.

Mengine ni madogo. Milingoti ya goli la upande wa ziwa ameichukua jirani mgeni, baba mmoja mkimya, ameifanya miimo ya mlango. Alikuja kuniomba kwanza. Angeweza kuichukua tu. Nilimsaidia kuing'oa, maana peke yake asingeweza, na alipotaka kunishukuru nilimwambia aende akajenge kabla mvua haijazidi. Vijana wetu wawili wamehamia timu ya Ilagala. Wengine wamerudi kuvua tu, na sasa mbalamwezi ikija wanakaa barazani hawajui wafanye nini na mwanga.

Shangazi, ulimpenda sana, usiniulize. Amepewa kiwanja, naam, na kiko karibu na maji kama alivyokuomba. Wamempa kile cha kona. Kisiki cha mchikichi wake kiko mlangoni. Juzi aliniuliza, bila hasira, "Mwana wanje, mwanangu, ule mti ulikatwa kwa sababu gani vile?" Yeye anajua. Alitaka tu nimwambie tena, nadhani, aone kama bado kuna maana ndani yake. Nilianza kumweleza nikaishia njiani. Akaniletea maji ya kunywa.

Sasa nakuaga, kalamu ya mwalimu inaisha wino na mwenyewe ameshapita mara mbili akijikohoza. Sikukuandikia ili ufanye kitu. Najua huwezi kufanya kitu, na mimi siwezi, na hilo ndilo lililonichosha zaidi, kuwa sisi wawili tuliokuwa na maneno mengi wilaya nzima hatuna hata moja. Nitakuja kaburini nikipata nafasi. Nitapalilia, na nitakutukana kidogo mbele za watu ili wasije wakafikiri umesahauliwa. Mkeo huko Tabora nimemtumia dagaa kwa mtu wa treni.

Na nakuahidi. Wavu sikuufumua, uko kwangu darini. Vijana hawajaacha kutafuta, iko siku watapata mahali, huko ng'ambo ya vichaka au nyuma ya kilima, pasipo na mwenyewe, na tutasimika milingoti miwili huku na miwili kule. Lakini sitapima, Mtani. Nisamehe kwa hili, najua litakuuma kuliko mengine yote. Sitagongomea kigingi wala kupaka chokaa. Na akipita mtu yeyote akatuuliza tunakwenda wapi na mpira huo, hatutamjibu kwamba tunakwenda kiwanjani. Tutamwambia tunakwenda kule tu.

Lala, mpagazi.

Mtani wako,
Kabura